Jibu: Hadithi za kazi haziwachekeshi watoto

Waalaykumu salaam mwalimu. Umesema umewaandikia darasa la pili hapo Wete, Pemba, hadithi za daktari na rubani, wanasikiliza vizuri lakini hakuna anayecheka.

Kwanza angalia kama mtoto ameshaiona kazi hiyo kwa macho yake. Asipojua mambo yanavyotakiwa kwenda, hawezi kucheka yakienda kombo. Rubani hamjui, utingo wa daladala anamjua mpaka sauti yake.

Mimi nilichota kwenye kazi yangu ya mwanzo, kulinda karafuu zilizoanikwa jamvini. Kuku anaparua upande huu, mbuzi anajongea upande ule, na wingu limeshafunga. Karafuu zikirowa zinaharibika, basi wakubwa wote mbio: bibi kashika ncha ya jamvi, mjomba kajivika pakacha tupu kichwani. Wanangu hapo huvunjika mbavu, kwa sababu mtoto mlinzi ndiye anayewaamrisha wakubwa!

Nalishikilia sana hili: kicheko kiangukie mkasa, kisimwangukie mchumaji wa karafuu. Darasani mwako wamo ambao wazazi wao hukwea mikarafuu kuchuma.

Waulize na wazee wa wanafunzi kazi zao za mwanzo, utapata visa tele. Michoro nawaachia wachoraji humu.