Wameniua kwenye tamthilia na hata tanga hawakuweka

Wadau habari za siku nyingi, najua nimepotea. Wiki iliyopita nimekufa. Sio mimi mwenyewe, ni yule mwenye nyumba, mzee wa Kichaga mwenye koti la kijivu niliyemuigiza miaka mitatu, mnamjua, yule wa kodi. Sikupigwa risasi wala sikuumwa. Yule binti mpangaji alikua anakaanga chapati, simu ikaita, akasikiliza akasema "jamani, mzee mwenye nyumba amefariki huko kwao Moshi", akaweka simu akageuza chapati. Basi. Miaka mitatu imeishia kwenye chapati.

Na mimi sikua nimeambiwa! Nilikua nimekaa sebuleni kwangu hapa Pasua, Moshi, na mke wangu na watoto wa jirani wamejaa kwenye mkeka, maana siku ya tamthilia kwangu panakua kama kibanda umiza, watoto wakanigeukia wote, mke wangu akasema "baba kumbe umekufa na hujaniaga". Kesho yake naenda sokoni Mbuyuni kununua nyanya mama mmoja ananiamkia "shikamoo marehemu". Nilicheka, ila kicheko chenyewe hakikushuka.

Sasa katika hali hiyo hiyo kuna kijana wa Sakina, Arusha, kanitumia meseji, "Shikamoo anko, nina kipaji sana, nataka kua staa wa tamthilia kama wewe, nianzie wapi, naomba na namba ya direkta". Kama mimi! Marahaba mwanangu. Kaa hapo nikuambie, na wengine mlioniuliza hayo hayo msome hapa, sitarudia.

Mimi nilianzia kanisani. Kila Krismasi nilikua Herode, miaka sita mfululizo, watoto walikua wananikimbia hata barabarani. Siku moja wakaja watu na kamera kurekodi filamu kule Marangu, wanatafuta mzee wa kuongea Kiswahili cha Mangi wa dukani, nikawaambia mimi naongea hivi hivi kila siku bure. Nikapewa mstari mmoja, "Kodi iko wapi?" Maneno matatu. Tulirudia teki kumi na moja, kwanza nilikua naangalia kamera, halafu jogoo akawika, halafu nikasahau, ndio, maneno matatu nikasahau. Nikalipwa elfu thelathini na sahani ya wali. Nilivyorudi nyumbani nilijiona Kanumba, yule staa wa filamu.

Na huyo Kanumba mnaemtaja kila siku alizaliwa Shinyanga, sio Dar, akapitia Kaole, lile kundi la maigizo tuliokua tunaliangalia ITV, kwahiyo hii ya kusema "mimi niko mkoani sitoboi" acheni. Ila pia muwe wakweli, kwenye Kaole ile ile alikuwepo Mzee Jengua. Huyo ndo mwalimu wangu ingawa hatukuwahi kuonana. Akiingia mlangoni tu mnajua hapa hakuna amani, hajasema neno, na mpaka anafariki Desemba 2020 ukitaja baba mkali watu wanaiona sura yake. Watu wa hivyo ndo wanabeba tamthilia. Staa analia, anapendwa, anaachwa, lakini lazima awepo mtu wa kumdai kodi la sivyo hiyo hadithi haiendi popote.

Baada ya Marangu nikaitwa Dar, na tangu hapo nimekua mwenye duka, mwenye nyumba, mjomba wa kupanga mahari, baba wa bi harusi anaependa hela, tena mwenye duka. Kila seti direkta ananiambia "mzee ongeza Uchaga kidogo". Uchaga unaongezwa na kijiko? Mimi nasoma somo la kwanza kanisani, Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha hao waandishi wa skripti, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita niwe daktari au hakimu. Iliniuma, bado inaniuma.

Basi ushauri. Kariri mistari yako, na ya mwenzio pia. Wahi. Ukiambiwa saa kumi na mbili asubuhi fika saa kumi na moja na nusu, hata kama sini yako itapigwa saa tatu usiku, na itapigwa saa tatu usiku, zoea. Usiringe, uwe rafiki wa mtu wa taa na mama wa chakula, hao ndo wanajua nani anaitwa wiki ijayo. Na wahi.

Usiache kazi yako. Mimi ni fundi cherehani, cherehani ndo imesomesha watoto, uigizaji ulininunulia tivii tu ya kujiangalia. Basi la kwenda Dar ni siku nzima, nalala kwa dada yangu Kimara, posho ya siku mbili ukitoa nauli inabaki ya soda na zawadi ya watoto. Mkataba usome, uulize kipindi kikirudiwa unapata nini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na msanii anaeigiza anatajwa humo, sio anaeimba peke yake. Mimi nilisaini nimesimama, kalamu ya kuazima, wananiambia "mzee harakisha jua linazama". Kosa langu hilo na vijana mkilirudia mtakua mmependa wenyewe, maana mnapenda mno kuonekana, mnasaini chochote mradi kamera ipo, halafu mnakuja kulia huku inboksi.

Lililonikata kabisa sio kifo. Ni koti. Lile koti nililishona mwenyewe, kitambaa changu, kwasababu walisema bajeti ya mavazi haipo, na kila tukimaliza wananiambia liache huku mzee, lazima ufanane na sini zilizopita. Nikaliacha. Jumatatu hii nawasha tivii, nyumba imepata mwenye nyumba mpya, kijana, mnene, ameingia mlangoni na koti langu, mikono imemkaa mifupi. Na mstari wake wa kwanza ni ule ule wa kodi.

Kwahiyo mwanangu wa Sakina, namba ya direkta sikutumii, hata mimi siku hizi hapokei. Ila ukifanikiwa kufika huko ukaliona koti la kijivu lenye kifungo kimoja cha kahawia na vingine vyeusi, waambie mwenyewe yuko hai, yuko Pasua.