Taa ya babu yenye EAR&H sio ya Mjerumani

Mdogo wangu wa Ngamiani, umeuliza kama taa ya babu yako iliyogongwa EAR&H ni ya enzi za Mjerumani, maana kuna jamaa anaitaka. Sio. Mjerumani alianza kujenga reli hapa Tanga 1893, kampuni ikaishiwa hela reli imefika Muheza tu, serikali yao ikaichukua 1899 ikaisukuma Korogwe, Mombo mpaka Moshi 1911, vita ikaja Mwingereza akaibeba, akaifikisha Arusha 1929. Sasa hizo herufi zako ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoanza 1948, na 1969 bandari zikatengwa, kwahiyo H (Harbours, yaani bandari) ikafa hapo. Taa yako ni ya katikati ya miaka hiyo, bado mali ya maana! Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikaja TRC, shirika la reli la Tanzania.

Usiisugue na msasa aisee, maandishi yatafutika. Jamaa akikutajia bei ya kilo kama chuma chakavu mwambie apite hivi, we muulize mjomba kama kitambulisho cha kazi cha babu bado kipo, kiweke pamoja na taa ndo uanze kuongea bei.