"Sawa" ya Lisp ni ipi? Leso mbili, jina moja

Swali: Salaam aleikum mwalimu. Naishi Kisauni, na najifundisha lugha ya programu ya Common Lisp kwa SBCL, programu inayoiendesha lugha hiyo. Nimeandika programu ndogo ya nauli za matatu. Kwenye jedwali langu `nauli` naweka `(setf (gethash "Mtwapa" nauli) 100)`, halafu nikiuliza `(gethash "Mtwapa" nauli)` napata `NIL`, yaani hakuna. Tena `(eq 3 3)` yanipa `T`, yaani kweli, lakini nilipohesabu `(expt 10 30)` mara mbili, jibu moja nikaliweka kwa `a` na la pili kwa `b`, `(eq a b)` ikanipa `NIL`. Mashine yangu ina kasoro?

Jibu: Waleikum salaam. Mashine yako nzima, ndugu yangu.

Nenda Biashara Street, shika leso mbili zenye pambo moja, rangi moja na jina lile lile. Je, hiyo ni leso moja? Kwa kina mama wanaotafuta sare ya harusi, ni moja. Kwa mwenye duka anayehesabu mzigo wake, ni mbili. `EQ` ni huyo mwenye duka. Pambo haimshughulishi, anauliza tu kama ulichoshika ni kitambaa kile kile, yaani kitu kile kile kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Sasa mbona 3 ilikubali? Kwa sababu SBCL haiijengei namba ndogo chumba chake; thamani inabebwa ndani ya kielekezi chenyewe, ile anwani ya kuonyesha kitu kiko wapi kwenye kumbukumbu. Kwenye mashine ya biti 64 hilo lafika hadi 4611686018427387903. Ukipita hapo, kila hesabu hujenga namba mpya mahali pake, na `10` kwa kipeo cha 30 imepita mbali. Kiwango cha ANSI cha 1994, yaani kanuni rasmi za lugha hii, hakikuahidi kuwa hata `(eq 3 3)` itatoa `T`. Kwa hivyo usilinganishe namba kwa `EQ`, hata inapoonekana kukubali.

`EQL` inataka aina moja na thamani moja: `(eql a b)` itakupa `T`, lakini `(eql 3 3.0)` ni `NIL`, maana moja ni namba kamili na nyingine ya desimali. Alama ya `=` yatazama thamani peke yake, kwa hiyo `(= 3 3.0)` ni `T`. Ukiipa kisichokuwa namba, itakurushia kosa.

Na kwa kuwa unashughulika na pesa, jaribu hii: `(= 0.5 1/2)` ni `T`, lakini `(= 0.1 1/10)` ni `NIL`. Kompyuta haiwezi kuandika sehemu ya kumi sawasawa kwa mfumo wa jozi, na Lisp hailifichi hilo: huigeuza ile 0.1 kuwa sehemu kamili jinsi ilivyo, ndipo ilinganishe. Mimi nauli ningeiweka kwa senti, namba kamili, nikalala usingizi wangu.

Turudi Mtwapa. `make-hash-table`, inayounda jedwali, usipoiambia kitu hutumia `EQL`, na `EQL` kwa stringi (maandishi kama "Mtwapa") haina tofauti na `EQ`. Kila unapoandika "Mtwapa" kwenye terminali umefuma leso mpya. Nauli yako haikupotea: iweke tena mara tatu, kisha piga `(hash-table-count nauli)` uone Mtwapa zinavyoongezeka. Jedwali halibadilishwi kipimo likishaundwa, kwa hivyo unda jipya linalotumia `EQUAL`, ambayo hulinganisha stringi herufi kwa herufi kama kina mama wanavyotazama pambo:

`(defparameter nauli (make-hash-table :test 'equal))`

Wako watakaokwambia utumie `EQUALP` umalize. Mimi siipendi kwa kazi hii. Kweli itaona "MTWAPA" na "Mtwapa" ni kimoja, lakini pia itaona 3 na 3.0 ni kimoja, na siku moja utafuta usilokusudia.

Mtego huo huo umo ndani ya `CASE`, inayochagua tawi la kufuata kwa kulinganisha thamani. Niliwahi kukesha siku mbili, nikiandikia ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, nikitafuta kwa nini kila kontena laangukia tawi la mwisho. Nilikuwa nimepanga stringi kwenye `CASE`, nayo hulinganisha kwa `EQL` na haikubali kubadilishiwa kipimo. `MEMBER` na `ASSOC`, zinazotafuta ndani ya orodha, afadhali, zinakubali: `(member "Likoni" vituo :test #'equal)`.

Ukija kuunda kituo kwa `defstruct`, yaani kitu chenye sehemu kama jina na nauli, hata `EQUAL` itarudi kuwa mwenye duka. Hapo andika kipimo chako mwenyewe: linganisha jina la kituo kwa `EQUAL`, nauli kwa `=`.