Kukimbia na kukimbilia

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji wenu ni andiko gani lililowapa utulivu walipokuwa katika dhiki, na walilisoma kwa namna gani hata likawapa utulivu huo. Sehemu ya kwanza ninaijibu kwa kifupi, kwa kuwa nina hakika mmekwisha kupata jibu hilohilo kutoka kwa wengi: ni Zaburi ya 91. Ninaloliombea nafasi ni sehemu ya pili, kwa sababu zaburi hiyo niliihifadhi kwa ghibu tangu utotoni, nikaisoma mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, nayo haikunituliza hata kidogo mpaka nilipoacha kuisoma kwa mazoea ya ibada na kuanza kuisoma kama mwalimu wa Kiswahili, kazi niliyoifanya katika shule za sekondari kwa miaka 31, kwanza mkoani Ruvuma na baadaye hapa Dodoma.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, zaburi hii ilizunguka katika simu zetu usiku na mchana, ikisomwa kwa sauti za wachungaji, za kwaya na za watu tusiowajua. Kaka yangu mkubwa aliichapisha kwenye karatasi moja, mistari 13 ya mwanzo tu kwa kuwa ndiyo iliyotosha kwa herufi kubwa alizozitaka, akaibandika juu ya mlango wa sebule yake. Mimi niliinakili nikaitia ndani ya pochi, na kusema kweli niliishika kama mtu anavyoishika hirizi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kaka alishikwa na kile ambacho siku zile kiliitwa changamoto ya upumuaji, akafariki siku ya 9, akiwa na umri wa miaka 61. Siku nne za msiba tulipita chini ya karatasi ile tukiingia na kutoka, na kila nilipoinua macho niliyaona maneno ya mstari wa 10: “Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako.”

Kwa miezi mingi baada ya mazishi sikuweza kuifungua zaburi hiyo. Walikuwapo walionieleza kwamba huenda imani ya marehemu ilipungua mahali fulani. Hilo ninaliona hadi leo kuwa ni ukatili uliovishwa joho la mafundisho. Nilichokosa hakikuwa maelezo. Nilikuwa nimeahidiwa jambo, kama nilivyodhani, na jambo hilo halikutimizwa.

Kilichonirudisha hakikuwa uchaji. Usiku mmoja, nikiwa sina usingizi, nilichukua daftari nikaamua kuishughulikia Zaburi ya 91 kama ambavyo ningewataka wanafunzi wa kidato cha nne walishughulikie shairi wasilolijua: ni nani anayesema, anasema na nani, na kwa maneno yapi. Nilijiwekea mstari mmoja kwa siku, nikiuandika kwa mkono na kuvipigia viambishi mistari chini, jambo ambalo wanangu waliliona kuwa kichekesho.

Jambo la kwanza nililoliona ni la nafsi. Mstari wa 1 uko katika nafsi ya tatu: “Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu atakaa katika uvuli wake Mwenyezi.” Mstari wa 2 ni wa nafsi ya kwanza, mtu akikiri kwa kinywa chake mwenyewe: “Nitasema, BWANA ndiye kimbilio langu na ngome yangu.” Kuanzia mstari wa 3 sauti inageukia nafsi ya pili, mtu anamwambia mwenzake kwamba ataokolewa kutoka katika mtego wa mwindaji, na ahadi zote tunazozipenda, za tauni, za malaika na za simba, zimo katika sehemu hiyo. Halafu, katika mstari wa 14, bila kutangazwa na mtu yeyote, anayesema ni Mungu mwenyewe. Nilikuwa nimeikariri zaburi hii kwa zaidi ya miaka 50 bila kutambua kwamba ina wasemaji zaidi ya mmoja, na kwamba mwenye nyumba hasemi mpaka mwishoni. Karatasi ya kaka ilikuwa imeishia kwenye mstari wa 13.

Kabla ya kufika huko, niruhusuni nikae kidogo kwenye neno “kimbilio”, kwa kuwa ndilo lililonishika kuliko yote. Nomino hiyo imetokana na kitenzi kukimbilia, yaani kukimbia kukiwa katika kauli ya kutendea, na kila mwalimu wa Kiswahili anajua jinsi kiambishi kidogo kinavyoweza kumgeuza mtu uso. Anayekimbia moyo wake uko nyuma, kwa kile anachokiogopa. Anayekimbilia moyo wake uko mbele, kwa yule anayemwendea. Miguu ni ileile na jasho ni lilelile. Nilipoyaandika hayo katika daftari nilitambua kwamba mwaka mzima wa korona nilikuwa nimeitumia zaburi hii kukimbia: niliyekuwa nikimtazama ni ugonjwa, na Mungu nilimtaka awe ukuta nyuma yangu, ambao sikuwa na haja ya kuutazama.

Mstari wa 9 unaongeza neno jingine, “makao”, na hapo mwendo unakoma, kwa maana mahali pa kukimbilia pamegeuka kuwa mahali pa kukaa. Neno hilo linaturudisha kwenye Zaburi ya 90, iliyotangulia, ambayo inaitwa maombi ya Musa na inafunguliwa kwa kumwambia Mungu kwamba amekuwa makao yetu kizazi baada ya kizazi. Nilizisoma zaburi hizo mbili pamoja, na siku hizi sizitenganishi. Zaburi ya 90 inahesabu miaka ya binadamu, sabini, au themanini mwenye nguvu, kisha inaomba, “Utushibishe asubuhi kwa fadhili zako”; Zaburi ya 91 inaishia kwa Mungu akisema kwamba atamshibisha mtu wake. Sidai kwamba aliyeandika moja ndiye aliyeandika nyingine, kwani katika Kiebrania Zaburi ya 91 haina jina la mtunzi. Ninachosema ni kwamba waliozipanga waliziweka jirani, na msomaji anayeingia kwenye ya 91 bila kupita kwenye ya 90 anaingia kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu hatari zenyewe nitasema machache. Biblia ninayoitumia ni ile ya mwaka 1952, iliyojaribu kuwaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita, yaani lahaja za Unguja na Mombasa, nayo imehifadhi maneno ambayo vijana hawayajui tena: kigao, ambacho ni ngao ndogo, na uele, yaani ugonjwa, ambao ni jamaa wa ile ndwele ya methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtunzi ametaja hofu ya usiku, mshale wa mchana, tauni ya gizani na uele wa adhuhuri, hata pasibaki saa isiyo na jambo lake. Mtu anayeorodhesha hivyo si mtu anayeambiwa kwamba hakuna cha kuogopa. Sisi mwaka ule tulikuwa tunaona haya hata kuutaja ugonjwa kwa jina lake.

Ipo pia habari ya Mathayo 4, ambayo niliifahamu siku nyingi lakini sikuwa nimeiweka kando ya karatasi ya kaka na pochi yangu. Ibilisi, akiwa amemsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamnukulia zaburi hii hii, habari ya malaika watakaomchukua mikononi asije akajikwaa mguu wake katika jiwe. Nilipolinganisha mistari, niliona kwamba ameruka maneno “wakulinde katika njia zako zote”, na kwamba amesimama kabla ya mstari unaosema nyoka na joka watakanyagwa, jambo ambalo kwa upande wake linaeleweka. Jibu la Yesu, kwamba usimjaribu Bwana Mungu wako, lilinichoma, kwa sababu nilichokuwa nikikifanya na ile nakala ya ndani ya pochi hakikuwa mbali sana na kuruka kutoka kinarani ili nione kama nitadakwa.

Sasa nafika kwenye mstari wa 14 hadi wa 16, mahali ambapo Mungu anasema. Hamwambii mtu wake “wewe”. Anamtaja katika nafsi ya tatu, kama mzazi anayemsemea mtoto wake mbele ya watu na mtoto akasikia akiwa chumba cha pili: amekaza kunipenda, amenijua jina langu. Kisha anasema, “Ataniita nami nitamwitikia.” Kwa sisi tuliolelewa katika nyumba zetu, mkubwa ndiye anayeita na mdogo ndiye anayeitikia, binti huitika abee, kijana huitika naam, na asiyeitika hukemewa. Hapa mdogo anaita na Mkubwa anaitikia. Sijui lugha nyingine inayoweza kuniangusha kwa neno hilo kama Kiswahili kilivyoniangusha usiku ule.

Na baada ya hapo linakuja neno ambalo kwangu ndilo zaburi nzima: “Nitakuwa pamoja naye taabuni.” Katika Kiebrania, ahadi nyingine zote za mistari hiyo mitatu, za kuokoa, kuinua, kuitikia, kutukuza, kushibisha na kuonyesha, zina vitenzi, hii peke yake haina, ni maneno mafupi yenye maana ya “mimi pamoja naye, katika taabu”. Wafasiri wetu walihitaji kitenzi, lakini walitupa kitu kingine kwa malipo, nacho ni kiambishi cha mahali, -ni. Taabuni, kama nyumbani, kama wodini. Taabu imefanywa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuwapo na mwingine akawapo pamoja naye. Aliyeahidi hivyo hakunificha kwamba mtu wake atafika huko. Nilikaa na daftari langu nikaifikiria wodi ile ambayo sisi ndugu hatukuruhusiwa kuingia kwa siku tisa, nikalia kwa namna ambayo sikuwa nimelia msibani, na baada ya kulia nililala mpaka asubuhi.

Tangu wakati huo nimejifunza kwamba Wayahudi huisoma Zaburi ya 91 wanapomsindikiza maiti kaburini, jambo ambalo zamani lingenishangaza na sasa halinishangazi, na kwamba kanuni ya watawa ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliiweka katika sala ya mwisho ya kila usiku. Nilipofundisha Ruvuma nilizisikia kengele za jioni za abasia ya watawa Wabenedikto ya Peramiho kwa miaka mingi bila kuuliza ndani yake panasomwa nini.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya wasomaji wenu. Mstari wa 16 unasema, “Kwa siku nyingi nitamshibisha,” na miaka 61 si siku nyingi kwa mtu aliyekuwa ametoka tu kustaafu na kununua miche ya zabibu. Wapo wanaosema kwamba neno hilo lina maana ya uzima wa milele. Huenda ni kweli, lakini mimi sioni kwamba mtunzi alikuwa na hilo mawazoni, na sipendi kulikimbilia jibu kwa sababu tu ni zuri. Katika daftari langu, kando ya mstari huo, pana alama ya kuuliza ambayo sijaifuta. Ninaona ajabu kwamba alama hiyo haininyimi usingizi.

Mwaka jana wifi yangu alipaka nyumba rangi upya, na ile karatasi ya juu ya mlango ikachanika wakati wa kubanduliwa. Aliniomba nimwandikie nyingine. Nilimwandikia kwa mkono mistari mitatu ya mwisho, nikampelekea nikiamini kwamba nimemfanyia jambo jema. Aliisoma taratibu, akashukuru, kisha akasema kwamba angependa na mstari wa 10 uwepo, kwa kuwa ndio aliokuwa akiusoma marehemu kila asubuhi akitoka. Nilikaa mezani kwake nikauandika.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma