Toscana kwa Gari: Usilale Kwenye Mji Uliouona Instagram

Safari ya kwanza Toscana, mkoa wa Italia ya kati, tulilala miji mitano kwa usiku tisa. Kila tukizoea kitanda, tunafunga mizigo. Mume wangu anaburuta masanduku juu ya barabara za mawe, mama mkwe amekaa pembeni ameshika pochi yake, anauliza, "Leo tena tunahama, mwanangu?"

Safari ya pili tulikuwa na vituo viwili tu: usiku tano San Quirico d'Orcia, usiku tatu Orvieto, iliyo mkoa wa jirani wa Umbria. Hata maombi ya viza ya Schengen yalikuwa mepesi, maana wanataka kujua utalala wapi kila usiku.

San Quirico haina jina kubwa. Wenye jina ni majirani zake. Pienza iko kama kilomita 10, Montalcino 15, Montepulciano kama 25. Bagno Vignoni, kijiji ambacho uwanja wake wa katikati ni bwawa la maji ya moto, ni kilomita 5 tu. Mji wenyewe umekaa kando ya Cassia, barabara ya zamani ya kutoka Siena kwenda Roma, kwa hiyo asubuhi unaelekea upande unaoutaka na jioni unarudi bila kuhangaika na kona za mlimani. Gari linabaki nje ya ukuta, na mgahawa unaufikia kwa miguu.

Hilo la mgahawa lisikupite. Nyumba za shambani wanazoziita agriturismo zinapendeza sana pichani, lakini chakula cha usiku huko huanza kama saa moja na nusu. Wenyeji wako wasipopika, utatoka kwenda kutafuta chakula kwenye barabara ya changarawe isiyo na taa, tena ukiendesha kulia ilhali mikono imezoea kushoto. Kipilefti chenyewe huko unakizunguka kinyume, sijui tukiite kipiraiti.

Montepulciano tulikwenda kutembea tu, nashukuru. Barabara yake kuu inapanda kuanzia lango la chini hadi uwanja wa juu, na Mama alisimama mara nne akijidai anatazama viatu madirishani. Sasa fikiria umelipia chumba kule juu, una masanduku matatu. Kabla ya kulipa, waulize wenye nyumba: kutoka maegesho hadi mlangoni ni mbali kiasi gani, na kuna ngazi ngapi?

Waulize pia kuhusu ZTL. Ni maeneo ya katikati ya miji ambako gari lisilo na kibali haliruhusiwi, na anayelinda ni kamera. Safari ya kwanza niliifuata ramani ya simu mpaka mlango wa hoteli, nikajiona dereva. Miezi mitano baadaye kadi yangu ikakatwa pesa na waliotukodisha gari, ada ya kupeleka jina langu kwa wahusika. Faini yenyewe ikaja kivyake. Hoteli iliyo ndani ya eneo hilo mara nyingi inaweza kukuandikishia namba ya gari, ila lazima uombe. Kwenye maegesho, mistari myeupe ni bure, ya buluu unalipia, ya njano si yako.

Leseni ya kimataifa ichukue nyumbani, uibebe pamoja na ya kawaida. Gari la otomatiki liombe mapema, ukinyamaza utapewa la gia.

Orvieto tuliiweka mwisho kwa sababu iko karibu na barabara kuu ya A1, kama kilomita 120 kutoka Roma, tulikopandia ndege. Mji umekaa juu ya jabali, ila gari tuliliacha chini, kwenye maegesho ya Campo della Fiera, na Mama akapandishwa na lifti. Aliingia kanisa kuu hajahema hata kidogo.

Kosa letu lilikuwa kurudisha gari Jumapili. Siku hiyo vituo vingi vya mafuta havina mhudumu, unashughulika na mashine peke yako. Tangi lilihitaji mafuta ya yuro 30 hivi, mimi nikaingiza noti ya 50. Mashine haikurudisha chenji, ilitoa kikaratasi cha kudai kilichobaki siku mhudumu akiwepo. Bado ninacho kwenye pochi.