Usitoe themostati! Mimi nilitoa, nikaua silinda hedi

Mkuu weka spana chini kwanza. Umesema gari linachemsha ukipanda mlima na fundi kakwambia mtoe themostati (ile vali inayofungulia maji yaende kupozwa kwenye rejeta injini ikishapata moto) ili maji yazunguke "bila kizuizi", halafu ukauliza na habari za feni na kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Hapo kwenye themostati ndio nimeshindwa kupita kimya, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, mpaka hiyo "bila kizuizi".

Fundi wangu alijiamini mpaka nikajiona mshamba. Eti themostati ni ya watu wa kwenye theluji, sisi wa joto ya nini. Akaing'oa akanikabidhi mkononi kama jino. Wiki ya kwanza mshale wa joto haufiki hata katikati, nikawa namsifia kwa kila mtu. Mafuta yakaanza kuisha haraka nikasingizia foleni, kumbe kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta kama ndio kwanza umewasha.

Sasa hapa usiruke. Injini nyingi zina njia ya mkato, maji yanatoka kwenye injini yanarudi wota pampu bila kupita kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Themostati nyingi zina kisahani kwa chini, zikifunguka kile kisahani ndio kinaziba hiyo njia. Ukiitoa, njia inabaki wazi muda wote. Tambarare huoni kitu, ila siku una mzigo na mlima uko mbele, maji mengi ya moto yanazunguka humohumo hayajaionja rejeta. Hicho ndio "bila kizuizi" chenyewe.

Mimi siku hiyo mshale ulipanda kuliko siku zote, nikasema nikifika juu nitalipumzisha. Kabla sijafika ukashuka wenyewe, tena haraka. Nikashangilia kabisa! Kumbe maji yameshachemka yakamwagika nje, sensa ya joto imebaki kwenye mvuke haina cha kupima, na mimi kwa furaha nakanyaga mafuta. Kilomita chache mbele injini ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, ikazima. Hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, imepinda, gasketi ya chini yake imekatika katikati ya silinda mbili, oili imechanganyika na maji nyeupe kama maziwa. Nampigia fundi ananiambia "injini za siku hizi ndio zilivyo". Za siku hizi! Lile gari lina umri kuliko msaidizi wake.

Kilichoniuma zaidi, wakati hedi iko kwa wachongaji fundi mwingine akashika kifuniko cha rejeta, mpira wake umechanika. Basi. Kifuniko ndio kinashika presha, kile cha 0.9 bar kikiwa kizima hata maji matupu yanafika karibu nyuzi 118 ndio yachemke, kikivuja unabaki na 100 zako kama sufuria ya jikoni. Ugonjwa ulikuwa kwenye kifuniko, sisi tukaenda kukata mguu.

Kwa hiyo usitoe kitu ambacho hujakipima. Themostati ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, pasha taratibu. Imegongwa namba, 82 au 88 mara nyingi, ikikaribia hapo inaanza kufunguka. Maji yakichemka bado imenuna, nunua mpya ya namba ileile, urudishe mpya, sio uache tundu. Na kifuniko kikague injini ikiwa imepoa kabisa, usije ukajichoma uso halafu ukaniletea uzi mwingine hapa jukwaani.

Feni sijui ulikuwa umeuliza nini vile, ila kama unataka kuiunga direkti izunguke muda wote kwa sababu huyohuyo fundi kasema, jibu unalo. Nenda kafungue kifuniko, piga picha ya ule mpira uweke hapa.