Kuwaka si kutulia: jinsi ninavyoovakloki prosesa sasa

Kwa wiki tatu niliamini kompyuta yangu haina tatizo. Prosesa, ile chipu inayopiga hesabu zote, nilikuwa nimeiovakloki, yaani nimeipandisha kasi kupita ya kiwandani, kutoka gigahezi 4.2 hadi 4.7, ikawa inawaka vizuri, michezo inakwenda, skrini ya bluu sijaiona hata mara moja. Kisha siku moja nikafungua faili la zip nililohifadhia picha za nyumbani, likagoma. La pili likafunguka nusu. Picha ya mama ilikuwa safi hadi mabegani, na kuanzia hapo kwenda chini ni utepe wa kijivu mtupu. Nikaipima diski, nzima. Nikaipima RAM usiku kucha, nzima. Nikairudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani, nikafunga zip kumi mpya, zote zikafunguka bila kosa.

Picha nyingi nilizipata tena kwenye simu, chache zimekwenda moja kwa moja. Ndiyo maana naandika haya. Wengi tunadhani ovakloki mbaya hujitangaza: kompyuta itaganda, itajizima, tutajua. Kumbe prosesa iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kukosea hesabu moja tu kati ya mabilioni, ikaendelea na kazi, na kosa hilo likaandikwa kwenye diski kana kwamba ndiyo data yenyewe.

Kwa asiyejua, kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi, yaani mpigo unaoiendesha, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100, kwa kizidishi. Kizidishi 42 kinakupa gigahezi 4.2. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na, mara nyingi, ubao mama wa chipseti ya Z. Ryzen nyingi, zile za AMD, kizidishi chake kiko wazi kubadilishwa, ila mbao mama za bei ya chini kama A320 na A520 haziruhusu. Kama yako imefungwa, usihangaike.

Kabla hujagusa chochote, ipime mashine ikiwa kwenye hali yake ya kiwandani. Washa HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, endesha kazi nzito kwa saa moja, andika joto la juu kabisa. Ikiwa inafika nyuzi 90 kabla hujaongeza kitu, kazi yako ya kwanza ni kipoza joto, vumbi na pasta ya kupitishia joto, na wala si kizidishi. Zima pia XMP, mpangilio unaoipandisha RAM kasi, ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida. Makosa ya RAM na makosa ya prosesa yanafanana mno, na ukivipandisha vyote viwili kwa pamoja hutajua umlaumu nani.

Halafu tafuta daftari, nasisitiza la karatasi, kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo itakayokuwa inazima. Mimi huandika safu nne: kizidishi, volti, joto la juu, na kilichotokea.

Sasa tuje kwenye volti, maana hapa ndipo watu wanapoharibu vitu. Kasi ikipanda, transista, zile swichi ndogo ndani ya chipu, zinahitaji volti zaidi ili ziwahi kubadilika kabla ya mpigo unaofuata wa saa. Lakini umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, ukizidisha na kasi. Chukua namba za daftari langu. Kizidishi 44 kiliridhika na volti 1.21. 45 kilitaka 1.24. 46 kikataka 1.29. 47 nilikipa 1.38 na bado ndicho kilichonilia picha. Ona jinsi hatua zinavyorefuka: 0.03, kisha 0.05, kisha 0.09. Chipu inapoanza kudai volti nyingi kwa hatua ileile moja, umefika ukutani, na kuendelea kusukuma ni kununua joto tu. Mwishowe nilitulia kwenye 45 kwa volti 1.26, nikiiachia nafasi kidogo ya kupumua juu ya kiwango cha chini nilichokipata. Ukipiga hesabu, 4.7 kwa 1.38 ingekula umeme zaidi kwa takribani robo nzima, kwa faida ya kasi ya asilimia 4 na ushee. Asilimia 4 huioni kwa macho. Joto la robo zaidi utalisikia kwenye feni kila siku.

Usinakili namba zangu. Chipu mbili za jina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana sana, na kila kizazi kina dari yake ya volti. Itafute dari ya kizazi chako, uiandike juu ya ukurasa wa kwanza kabla ya kuanza, na usiivuke hata kama umebakiza hatua moja kufika namba uliyokuwa unaiota. Pia usiiachie bodi ijipangie volti yenyewe. Nilizotumia mimi zilikuwa zinamwaga volti kuliko mahitaji. Na volti ya kuangalia ni ile inayosomwa kazi ikiwa imepamba moto, si ile uliyoandika kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya ubao mama unaofunguka kabla ya Windows), kwa sababu mzigo ukija volti hulegea. Kuna mpangilio unaoitwa LLC wa kuzuia kulegea huko. Uweke katikati. Ukiupeleka juu kabisa, mzigo unapoondoka ghafla volti huruka juu kwa kitambo kifupi ambacho programu za kawaida haziwezi kukiona.

Mwendo wenyewe ni wa kuchosha: panda kizidishi kimoja, endesha Cinebench, programu ya kuitwisha prosesa mzigo, dakika 15, ikipita panda tena, ikianguka ongeza volti 0.01 au 0.02. Hakuna njia ya mkato hapo. Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa ile betri ya kidonge kwenye ubao mama kwa dakika chache, na mipangilio itarudi ya kiwandani.

Majaribio marefu ndiyo yanayotenganisha kuwaka na kutulia. Usiku mmoja niliiacha Prime95, programu ya hesabu nzito inayokagua majibu yake yenyewe, ikikimbia kwenye 46. Saa ya kwanza safi, ya pili safi. Nilipoamka alfajiri viini saba, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, vilikuwa bado vinafanya kazi, kimoja kimesimama. Mstari wake wa mwisho ulisema hesabu ya kukadiria imetoka 0.5 ilipotarajiwa chini ya 0.4. Kompyuta haikuganda, kipanya kinatembea, saa kwenye kona inasonga. Kosa lenyewe lilikuwa limetokea saa ya nne. Ningelikuwa nimeishia kwenye jaribio la dakika 15, ningeapa kwamba 46 iko imara.

Prime95 peke yake haitoshi. Inabana na kuchemsha, lakini haigusi kila namna ya kazi. Mimi huongeza y-cruncher au OCCT, programu nyingine za majaribio, kisha kazi yangu halisi: nafunga folda kubwa kuwa zip, naifungua, nalinganisha alama za hashi za kila faili (namba inayobadilika hata data ikibadilika kidogo tu), mara ishirini mfululizo. Baada ya hapo naiacha imekaa bure, kurasa mbili tatu za intaneti zimefunguliwa, kwa sababu zipo ovakloki zinazostahimili mzigo mzito na kuanguka mashine inapopumzika. Mwisho nafungua kumbukumbu za matukio za Windows na kutafuta neno WHEA, ambalo Windows hulitumia kwa makosa ya vifaa. Hata kosa lililoandikwa kwamba limesahihishwa nalihesabu kuwa ni kufeli, narudi nyuma hatua moja.

Kuhusu joto, Intel nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikifika nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi zimeundwa kuweza kukimbia hadi 95. Mimi nasimama kwenye 85 chini ya mzigo mzito kuliko wote. Nataka nafasi ya siku za joto kali.

Wenye prosesa mpya ushauri wangu ni tofauti kidogo. Siku hizi kiwanda chenyewe kimeshakamua karibu yote, na kupandisha viini vyote kwa mkono mara nyingine kunashusha kasi ya kiini kimoja kuliko ilivyokuwa. Kwa Ryzen, anza na Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS: punguza volti kidogo kidogo kwa kila kiini, na prosesa itapanda yenyewe kwa nafasi iliyopata. Majaribio ni yaleyale, ila yale ya mashine ikiwa imepumzika yape uzito zaidi.

Weka nakala ya data zako nje ya mashine kabla ya hatua ya kwanza. Kumbuka pia kwamba dhamana za watengenezaji kwa kawaida hazilipii uharibifu uliotokana na ovakloki.

Nilipobadilisha kasha la kompyuta nilirudia majaribio yote, na 45 yangu ikaanguka baada ya saa sita: hewa ilikuwa inapita vibaya na joto limepanda nyuzi 7. Nikaongeza feni moja ya nyuma, bado haikutosha. Nikashuka hadi 44 kwa volti 1.23, ikakimbia saa 24 bila kosa hata moja. Sijaigusa tena tangu hapo.